MUTOTO AANZE NA LUGA YA NYUMBANI
Neno juu ya masomo ya maternele



Wiki chache zimepita tuliingia kalasi moja ya maternele katika komuni ya Kenya, hapa Lubumbashi. Hatutaji jina la masomo yale, kwa maana si yale peke yake. Yako mengi ya namna ile katika kila komuni. Watoto walikuwa wa miaka 4 na 5. Madame aliinua karatasi yenye picha ya ndege mwenye mabawa, akasema kwa Kifransa: oiseau. Watoto wote wakaitika kwa sauti moja: wazo! Akasema tena, wakaitika tena: wazo! Kisha mutoto mumoja, mwana wa mufanyakazi wa kiwanda cha shaba, akanyosha kidole kwenye picha akasema kwa furaha: «Ile njo ndeke!»

Madame akamutazama kwa macho makali, akaweka kidole kwenye mudomo wake. Mutoto akanyamaza. Tulikaa pale mpaka watoto walipofunguliwa kwenda nyumbani, na yule mutoto hakusema neno lingine.

Wandugu, kwetu wazo ni kitu kinachotoka katika kichwa cha mutu. Siku ile kalasi nzima iliimba wazo, wazo, na mutoto mumoja tu ndiye aliyekuwa nalo. Yule ndiye aliyefungwa mudomo.

Tunajua namna wengi wenu mutakavyosema. Mutasema: «Sisi tunalipa feza yetu ili mutoto ajue Kifransa. Kiswahili anakijua tayari, kwa nini tulipe madame amufundishe kitu anachokipata bure katika lupango?» Neno hili ni la akili, hatulicheki. Tunataka kulijibu polepole, na kwanza turudi nyuma, kwa maana jambo hili lina mizizi mirefu.

Katika siku za Wabeleji, mutoto wa kambi alifundishwa kwa Kiswahili. Union Minière, iliyoundwa katika 1906, ilikuwa na kambi zake, na masomo ya kambi yaliwekwa katika mikono ya wamisionere. Mutoto alisoma kwa Kiswahili, alihesabu kwa Kiswahili, aliimba kwa Kiswahili. Je, ilikuwa kwa sababu walipenda luga yetu? Wako mapadri waliopenda luga zetu kweli. Padri Hulstaert, Muflamand mumoja kule Équateur, alitetea luga za wakaaji kwa nguvu maisha yake yote. Lakini kompani haikutafuta mapenzi. Ilitaka mutu wa kazi anayesikia amri, anayesoma namba yake, asiyepita pale. Kifransa kilitolewa kwa kipimo kama posho. Wachache walipata kopo lililojaa, wengi walipata kuramba kopo. Na karatasi zote za maana zilikuwa kwa Kifransa: hukumu, mikataba, barua za bulamatari.

Kwa hiyo wazazi wetu walipodai Kifransa katika miaka ya 1950, hawakukosa hata kidogo. Waliona kama masomo ya Kiswahili peke yake ni ukuta. Katika 1954 minister Buisseret alipofungua masomo ya serkali kwa watoto weusi, yasiyo ya mission, wazazi wengi walikimbilia kule kwa sababu hiyo: mutoto wangu asome kama mutoto wa Muzungu. Na kisha uhuru, katika 1962, serkali ya Kongo ikaamuru Kifransa katika masomo yote tangu mwaka wa kwanza. Watu walishangilia.

Hapa ndipo tunapotaka mutuvumilie, kwa maana tunasema neno lisilopendeza. Mulango ule tuliofungua kwa shangwe ulikuwa mulango wa ukuta mwingine. Mbele, mutoto alizuiwa asipite kwa kunyimwa Kifransa. Sasa akazuiwa asipite kwa kupewa Kifransa peke yake, siku ya kwanza, pasipo ngazi. Mutoto wa mukubwa ambaye baba na mama wanasema Kifransa mezani, yeye aliruka. Mutoto wa mufanyakazi alibaki chini, akatazama juu, akaambiwa hana akili.

Katika Mei 1974 wataalamu wa luga wa inchi nzima walikutana hapa Lubumbashi, wakasema wazi kama luga zetu zirudishwe katika masomo. Na miaka ile ile zikarudishwa, katika miaka ya kwanza ya primeri. Lakini zilirudi mikono mitupu. Vitabu havikutosha. Walimu waliambiwa fundisha kwa Kiswahili, na hakuna aliyewaonyesha namna. Na wale walioandika amri ile walipeleka watoto wao wenyewe kwenye masomo ya Kifransa kitupu. Wazazi si vipofu, waliona, wakafuata. Chakula ambacho mupishi hali, nani atakikula?

Basi, je, Wabeleji wenyewe walifanya namna gani kwao? Tuliuliza jambo hili, na jibu ni la kushangaza. Kule Ubeleji wako Waflamand, na kwa miaka mingi mutoto wa Muflamand aliyetaka kupanda juu alilazimika kusoma kwa Kifransa. Walikataa. Walipigana kwa maneno, kwa magazeti, kwa kura. Katika 1930 chuo kikuu cha Gand kikaanza kufundisha kwa luga yao, na katika 1932 ikatoka sheria kwamba katika inchi ya Waflamand masomo yawe kwa luga ya Waflamand. Wengi wa mapadri na wa wakubwa wa kazi waliokuja Kongo walikuwa wana wa watu wale. Walijua vema, kwa maumivu yao wenyewe, kitu gani kinampata mutoto anayekatazwa luga ya mama yake.

Tena wako Wazungu waliotafuta njia ya kumufundisha mutoto mudogo, wakaipata. Katika 1907 bibi mumoja munganga, Maria Montessori, alifungua nyumba ya watoto katika Roma, katika mutaa wa San Lorenzo. Mutaa ule haukuwa wa matajiri. Ulikuwa wa watu wa kazi, wanaotoka asubuhi mapema na kuacha watoto peke yao. Aliwapa viti vya kipimo chao, na vitu vya kushika mikononi: vya kupima, vya kupanga, vya kufunga na kufungua. Mwaka ule ule wa 1907, katika Bruxelles, munganga mwingine, Ovide Decroly, alifungua masomo yake, akafundisha kwa kuanzia mambo ambayo mutoto mwenyewe anayaona na kuyatamani: chakula, mvua na jua, namna ya kujikinga na hatari, kazi. Decroly alikuwa Mubeleji. Elimu yake ilijulikana mbali. Haikupanda meli ya kuja Matadi, ao kama ilipanda, haikufika kwetu katika kambi.

Hatusemi mambo haya ili tuwalilie Wabeleji. Wameenda tangu 1960. Madame wa kule Kenya si Mubeleji. Ni dada yetu. Na hatumuhukumu, kwa maana anafanya kile alichofanyiwa. Sisi tunaoandika, wengi wetu tulifungiwa kipande cha muti kwa kamba kwenye shingo kwa sababu tulisema Kiswahili katika kiwanja cha masomo. Ulibaki nacho mpaka ukamusikia mwenzako akisema Kiswahili. Pale ulimupa yeye. Aliyekuwa nacho saa ya mwisho alipigwa. Kwa njia hiyo tulijifunza kutegeana sikio ndugu kwa ndugu, na Kifransa hatukukijua zaidi kwa hiyo.

Sasa tujibu swali lenu, kwamba Kiswahili mutoto anakijua tayari.

Anakijua kwa kusema. Hajui bado kukifanyia kazi ya akili, nayo ni kazi ya maternele. Mutoto wa miaka 4 anajifunza kama «tano» si neno tu. Ni vizibo vitano vya chupa mbele yake, na ukivitawanya vinabaki vitano. Anajifunza kipi kinatangulia na kipi kinafuata, kipi ni kizito na kipi ni chepesi. Anajifunza kusikia kama «mama» na «mukate» yanaanza kwa sauti moja. Anajifunza kueleza: nilifanya hivi kwa sababu ya vile. Mambo haya yote yanatafuta luga ambayo mutoto anaweza kuitumia bila kuitafuta. Ukimupa jambo jipya ndani ya luga mupya, umemupa mizigo miwili kwa siku moja. Ataiangusha yote miwili, ataimba kama kasuku, nanyi siku ya sikukuu ya mwisho wa mwaka mutapiga mikono.

Na kusoma? Tazameni Kiswahili kinavyoandikwa. Kila herufi ina sauti yake, haibadiliki: ma, me, mi, mo, mu. Mutoto akishika vipande vile anasoma neno ambalo hajaliona, na kwa kuwa ni luga yake anajua mara moja kama amesoma sawa. Sasa tazameni neno lile oiseau. Lina herufi 6, na hakuna hata moja inayotoa sauti yake yenyewe! Mutoto wa Paris analisumbukia, naye anajua neno tangu kuzaliwa. Mutoto wa Katuba hajui neno, hajui herufi, hajui kwa nini anapigiwa kelele. Lakini kusoma kunafunguka mara moja tu katika kichwa. Aliyefunguliwa kwa Kiswahili hana lazima ya kufunguliwa tena kwa Kifransa. Atajifunza tu tabia mbaya za maandiko ya Kifransa, nazo ni nyingi, lakini tayari ni musomaji.

Hatusemi maneno ya ndoto. Katika Nigeria, kule Ife, walianza katika 1970 kufundisha watoto miaka yote 6 ya primeri kwa luga yao, Kiyoruba, na Kiingereza kikafundishwa kwa pembeni kama somo, na mwalimu anayekijua vizuri. Wengine walifundishwa namna ya zamani, wakigeuzwa kuingia Kiingereza katikati ya njia. Walipopimwa, wale wa Kiyoruba walifaulu kuliko wenzao, hata katika Kiingereza chenyewe. Wazazi waliokuwa na woga walikuwa na haki ya kuogopa, lakini woga wao haukuwa na msingi. Tanzania nayo inatufundisha, kwa upande wa hatari: kule Kiswahili ndiyo luga ya primeri tangu 1967, ni kitu kizuri, lakini mutoto akiingia sekondari anakuta yote kwa Kiingereza kwa gafula, na wengi wanajikwaa pale pale. Kumbe daraja ni lazima, na lijengwe mapema.

Ndiyo sababu tunasema luga mbili, hatusemi moja. Kifransa kiingie maternele, lakini kiingie kwa mulango wa masikio. Wimbo. Muchezo wa kuruka. Salamu ya asubuhi. Majina ya vitu ambavyo mutoto amekwisha kuvishika na kuvijua kwa Kiswahili. Tumeona madame mumoja, katika Likasi, anayefanya hivi, na tulikaa kwake asubuhi nzima bila kuchoka. Anakuwa na mufuko wa kitambaa. Watoto wanaingiza mukono bila kuchungulia, wanashika, wanaeleza kwa Kiswahili: ni laini, ni baridi, kina meno. Kichana! Wanacheka. Wakati wote wamesema na kubishana, ndipo anakitoa, anasema jina lake kwa Kifransa, wanalirudilia, basi, kingine. Hadisi anaisimulia kwa Kiswahili, ile ya Kalulu anayewadanganya wakubwa, kisha siku ya tatu, wakati watoto wanaijua mpaka mwisho, anaisimulia kwa Kifransa na mikono na uso, na hakuna mutoto anayepotea, kwa maana anajua Kalulu atatokea wapi. Udongo wa kichuguu ndio udongo wake wa kufinyanga. Mbegu za mahindi, vijiti, motokari za waya ambazo vijana wanajitengenezea wenyewe. Hakuna kitu cha kuagiza Ulaya. Mutoto akijibu kwa Kiswahili anapoulizwa kwa Kifransa, madame yule anafurahi. Anasema: «Amesikia, ndiyo kazi. Mudomo utafuata.»

Bei ya mufuko ule wa kitambaa ni ndogo kuliko tai ya uniforme ambayo masomo mengine yanawalazimisha kununua.

Sasa kuna maneno mawili ambayo ni magumu kweli, hatutaki kuyaficha.

La kwanza: Kiswahili gani? Mutoto wa Lubumbashi anasema «njo» na «kuya» na «bantu». Kitabu kinasema «ndiyo» na «kuja» na «watu». Sisi wenyewe hatuandiki namna tunavyosema katika kabare, munaona. Kama madame atamukemea mutoto kwamba Kiswahili chake ni kibovu, basi tumebadilisha fimbo tu. Katika maternele tunaona heri mutoto aachwe aseme cha kwake, na madame amusomee kitabu cha Kiswahili bora. Sikio lake litaunganisha, kama linavyounganisha luga ya bibi na luga ya barabara. Lakini vitabu vilivyoandikwa kwa Kiswahili cha huku, na picha za huku, vinakosekana sana. Hii ni kazi ya waandishi wetu, na ni aibu yao na yetu.

La pili: si kila nyumba inasema Kiswahili. Wako waliofika juzi kutoka Kasai wanaosema Tshiluba, wako wa Kibemba, wa Kisanga, wa Kiruund. Katika kambi na komuni zetu watoto wao wanakamata Kiswahili upesi katika muchezo, ndiyo maana Kiswahili kinafaa. Lakini mutoto wa miaka 3 anayeingia leo hana bado. Madame mwenye roho atatafuta mutoto mwenzake anayesikia luga yake, ataomba mama yake aje kuimba wimbo mumoja. Hakuna dawa kubwa kuliko hiyo, nasi hatutawauzia.

Wengine wanatuambia Kifransa chenyewe kimezeeka, kwamba katika Kolwezi leo wakubwa wa kazi wengi wanasema Kishinwa. Ndiyo. Na kesho watakuja wengine na luga yao. Tutabadilisha luga ya watoto wa miaka 4 kila wakati migodi inapobadilisha mwenyewe?

Sheria haiko kinyume yetu. Katiba ya 2006 inaweka Kifransa kuwa luga ya serkali, na inaandika Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa luga za taifa, tena inalazimisha serkali kuzikuza. Sheria ya masomo ya 2014 inahesabu maternele ndani ya masomo ya inchi, na inatoa nafasi kwa luga za taifa na za mahali katika kufundisha. Programu iitwayo ELAN, ya inchi zinazotumia Kifransa, ilianza kufanya kazi hii katika primeri ya inchi 8 za Afrika kisha 2010, na Kongo ilikuwa ndani. Kwa hiyo mukurugenzi akiwaambia «hairuhusiwi», mumuombe awaonyeshe mahali ilipoandikwa.

Lakini feza. Kufundishwa bure, kulikoanza katika Septemba 2019, ni kwa primeri. Maternele inabaki ya kununua, na mutu wa kazi ya siku kwa siku hainunui. Mutoto wake anakaa katika lupango mpaka miaka 6, ao anamufuata kaka yake kuosha mawe kwenye mto. Kisha anaingia mwaka wa kwanza, kalasi imejaa mpaka mulangoni, na yote ni kwa Kifransa. Yule aliyelipiwa miaka 3 ya kuimba «wazo» anamupita, si kwa kusikia, ni kwa kuzoea tu kuketi na kunyamaza. Hatutaki mashindano ya namna hiyo kwa watoto wa mutaa mumoja.

Tunaomba nini, basi? Kompani zinazochimba shaba na kobalti hapa zinalazimishwa na sheria ya mugodi iliyogeuzwa katika 2018 kutoa sehemu ya mapato yao kwa maendeleo ya wakaaji wa pembeni. Mara nyingi tunaona jengo, rangi mupya, na picha ya kukata utepe. Sendika na wakubwa wa mitaa, wakiketi kwa meza ile, waulize juu ya mutu atakayekuwa ndani ya jengo: madame amefundishwa wapi, analipwa na nani mwaka wa pili, ana vitabu vya Kiswahili vingapi. Jengo bila madame ni depo.

Na wewe baba, wewe mama, unayelipa: usingoje sikukuu ya mwisho wa mwaka. Nenda asubuhi ya siku ya kazi, kama zamu yako ni ya usiku nenda ukitoka. Simama nyuma ya kalasi nusu saa. Hesabu ni mara ngapi madame anauliza kitu ambacho hajui jibu lake, na ni mara ngapi mutoto wako anasema zaidi ya neno moja. Jioni usimuulize «leo mulijifunza Kifransa gani?» Muulize alicheza nini, na umuache akueleze mpaka amalize, kwa luga anayoitaka yeye.

Yule mutoto wa kule Kenya, tulikutana naye kwenye mulango akimungoja dada yake. Tulimuuliza alikuwa ameona ndeke wa namna gani. Alitueleza, tukisimama pale kwenye jua, juu ya kiota kilicho katika muti wa maembe wa nyumbani kwao, mayai mangapi, na namna paka alivyopanda na kuanguka. Dada yake alipofika alikuwa hajamaliza.